Mbwa wa ulinzi aliyefunzwa na watoto ndani ya ua mmoja

SWALI

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shehe. Sisi tunaishi Mikindani. Wezi wameruka ukuta wetu mara mbili mwaka huu, na mara ya pili walimjeruhi mlinzi. Mume wangu akaenda Dar es Salaam, akarudi na mbwa mkubwa aina ya German Shepherd aliyefundishwa ulinzi: akiambiwa kamata anakamata, akiambiwa acha anaacha. Lakini mume wangu hushinda dukani Mtwara mjini, anarudi baada ya Isha. Mimi nabaki na watoto, mmoja wa miaka saba na mwingine wa mitatu, na watoto wa jirani huingia kucheza. Wiki iliyopita yule mdogo alimsogelea mbwa akila, mbwa akamngurumia. Mume wangu anasema mbwa amesoma, hawezi kumgusa mtoto wa nyumbani, na kwamba hofu yangu ni ya kike tu. Je, dini inaturuhusu kumfuga? Na nikikataa nitakuwa nimemuasi mume wangu?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Nianze na la mwisho, maana naona ndilo linalokuumiza zaidi. Hujamuasi mumeo. Mtume (s.a.w.) amesema kila mmoja wenu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na katika hadithi hiyo hiyo, aliyoipokea Ibn Umar, akamtaja mwanamke kuwa ni mchunga wa nyumba ya mumewe na watoto wake. Umeona hatari kwa macho yako, ukaisema. Hiyo ndiyo kazi ya mchunga. Mbwa kumngurumia mtoto wa miaka mitatu ni taarifa, na taarifa hupokelewa, haichekwi.

Ama kuhusu kufuga. Hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Bukhari na Muslim inasema anayefuga mbwa hupungukiwa kila siku kirati moja, yaani kipimo kimoja, ya thawabu za amali zake, isipokuwa mbwa wa shamba, wa mifugo au wa kuwinda. Ndugu zetu wakulima wa Tandahimba na Nachingwea wanaoweka mbwa ili nguruwe pori na nyani wasimalize mihogo wamo ndani ya ruhusa hiyo moja kwa moja. Mbwa wa kulinda nyumba hakutajwa kwa jina, na wanachuoni wakahitilafiana. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafi wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, tunamtegemea sana, katika ufafanuzi wake wa Sahihi Muslim ameona lenye nguvu zaidi ni kujuzu, kwa kukisia, yaani kulinganisha, na yale matatu. Kwa hiyo mumeo hakufanya haramu kwa kutafuta mbwa wa ulinzi baada ya kuvamiwa mara mbili. Haja yake ni ya kweli.

Lakini hapa ndipo ninapotaka yeye mwenyewe asome taratibu. Ruhusa hii imejengwa juu ya kisio, na kisio lina sababu yake: mbwa anazuia madhara yasikifikie kile unachokilinda. Na kaida ya usuli, elimu ya misingi ya sheria, inasema hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Sababu ikiwepo, hukumu ipo, ikiondoka, nayo huondoka. Mchungaji aliruhusiwa mbwa kwa ajili ya kondoo. Mbwa akianza kuwararua kondoo, mchungaji huyo ataegemea ruhusa gani tena? Na watoto wenu wana thamani kuliko kundi lolote la kondoo, na kuliko kila kilichomo dukani. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kulipiziana madhara. Hatuwezi kuondoa hofu ya mwizi wa usiku kwa kuleta hofu ya mchana kutwa juu ya mtoto.

Sasa hoja ya mumeo kwamba mbwa amesoma. Ni kweli amesoma, na Qur'ani yenyewe, Sura ya Al-Maida aya ya 4, inatambua wanyama wawindaji waliofunzwa. Ila tazama elimu hiyo ilivyo. Mnyama aliyefunzwa anamtii anayemwamrisha kwa sauti anayoijua. Kwenu sauti hiyo iko dukani Mtwara mjini mpaka baada ya Isha. Tangu asubuhi hadi usiku amebaki na mtoto asiyejua neno hata moja la amri, na mama ambaye hakufundishwa kumwongoza. Kisha, alichofundishwa ni kumkabili mtu anayekuja mbio, anayepiga kelele, anayemkamata mtu wa nyumbani. Hebu niambie, watoto wakicheza wanafanya nini zaidi ya hayo?

Nilishuhudia jambo hili nikiwa nafundisha chuo cha Qur'ani Lindi. Mwanafunzi wangu mmoja wa miaka tisa alipita nyumba ya rafiki yake baada ya Alasiri, wakawa wanapigana mieleka ya kitoto uani. Mbwa wa nyumba ile alikuwa amefunzwa vizuri, hakuwahi kumgusa mtu. Alipomwona mtoto wa bwana wake yuko chini na mwingine yuko juu yake, akaruka akamshika yule wa juu mkono. Mbwa yule alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Kosa lilikuwa la watu wazima walioacha mlango wa banda wazi. Namshukuru Allah kijana alipata sindano zote akapona, lakini kovu analo mpaka leo, na kila nikimwona nalikumbuka.

Na fidia je? Mwanachuoni Ibn Qudama katika kitabu chake Al-Mughni anasema mwenye kufuga mbwa mng'ataji akamwachia, akamjeruhi mtu, usiku au mchana, atalipa, kwa sababu amezembea. Isipokuwa aliyeingia nyumbani bila idhini. Aliyeingia kwa idhini hulipwa. Watoto wa jirani mmewazoeza kuingia, na mbwa ameshaonya mara moja. Mumeo asije akasema hakujua.

Basi fanyeni hivi, kama mnataka abaki. Mbwa awe na banda lake nje lenye mlango unaofungwa na komeo ambalo mkono wa mtoto haulifikii, na mchana awe humo, akitolewa usiku watoto wakishalala. Msimfunge mnyororo siku nzima. Mbwa anayeishi mnyororoni huzidi ukali, na pia ni dhuluma kwa kiumbe, na mnajua kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Asile mbele ya watoto. Asiachwe na mtoto peke yao hata dakika moja, hata mkiwaona wanapendana, kwa sababu mtoto mdogo uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa. Na msimpige kwa kunguruma. Mbwa anayepigwa akionya hujifunza kunyamaza, kisha siku moja anauma bila kuonya.

Yule wa miaka saba mfundishe kama unavyomfundisha Fatiha, kwa kurudia: mbwa akija, usikimbie, usimtazame machoni, simama kama mti, mikono ubavuni. Ukiangushwa, jikunje, ufunike shingo na masikio. Wa miaka mitatu hafundishiki hayo. Wake ni ukuta na komeo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa isipite mwaka bila kuulizwa kwa afisa mifugo. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto aking'atwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu na amechanjwa. Msipake pilipili wala mafuta, msingoje kuona. Dalili za ugonjwa huo zikishatokea, ni nadra mno mtu kupona.

Kuhusu twahara, yaani usafi wa ibada, ni jepesi. Chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwetu Mashafi mwili au nguo iliyopata mate yake ni hivyo hivyo. Na kwa kuwa Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa, na wapo waliosema mbwa aliyeruhusiwa hahusiki huku Nawawi akiliacha neno liwe kwa wote, salama yenu ni asivuke kizingiti. Hata mbwa wa watu wa pango waliotajwa katika Qur'ani alinyoosha miguu yake hapo hapo kizingitini.

Ikiwa banda haliwezi kujengwa, au mumeo hawezi kupata mtu mzima wa kumwongoza mchana, mbwa huyu arudishwe alikotoka au apewe mwenye ghala lisilo na watoto. Ukuta uongezwe, taa iwekwe, mlinzi apate mwenzake. Na mpaka hilo likamilike, kuanzia leo hii mbwa na watoto wasikutane uani.

Msomee mumeo haya kwa upole akishapumzika, maana naye anawapenda watoto wake na ndiyo sababu alikwenda mpaka Dar es Salaam. Akiwa na neno, aje msikitini baada ya Alasiri, nitakaa naye.

Wallahu aalam.