Kutoka dadu hadi riwaya: sayari nzima haiingii kwenye sura ya kwanza

Mbunifu wa michezo ya mezani anapoanza riwaya ya kisayansi huwa na mtaji ambao waandishi wengi hawana: sayari zake zina majina, meli zina bei, silaha zina uzito. Mtaji huohuo ndio humzamisha. Mswada wake wa kwanza kwa kawaida hufunguka na kurasa 30 za historia ya himaya, na mhusika anakuja kufungua mlango ukurasa wa 31. Mhariri alishaacha kusoma kitambo.

Chukua Traveller, mchezo wa safari za anga wa Marc Miller uliotoka Marekani mwaka 1977, ambamo wachezaji huigiza wahusika na mmoja wao, mwongoza mchezo, husimulia yanayowakuta. (Miller mwenyewe alitoa riwaya ya ulimwengu huo mwaka 2015, miaka 38 baadaye, kwa hiyo usijione umechelewa.) Humo sayari huandikwa kwa alama nane tu, mfano C542678-9. C ni daraja la bandari ya vyombo vya anga. 5 ni ukubwa, kama kilomita 8,000 za kipenyo. 4 ni hewa nyepesi iliyochafuka, 2 ni maji yaliyofunika takriban asilimia 20 ya uso, 6 ni watu kwa mamilioni, 7 ni serikali nyingi zisizo na mkubwa mmoja, 8 ni ukali wa sheria, na 9 ni kiwango cha teknolojia. Kwa mwongoza mchezo hizo zinatosha jioni nzima, maana wachezaji wataijaza sayari kwa maswali yao. Msomaji hana wa kumuuliza. Usipomchagulia cha kutazama, atatazama saa.

Chagua alama mbili zinazogombana, sita zilizobaki ziache daftarini. Hapa tuseme 4 na 7. Hewa haivutiki bila barakoa yenye kichujio, na nchi ni nyingi. Basi vichujio vya nchi moja haviingii kwenye barakoa za nchi jirani. Kwenye kituo cha mpakani mama anahesabu dakika zilizobaki kabla kichujio cha mwanawe hakijaziba, na askari anapekua mizigo bila haraka, begi kwa begi. Kipenyo cha sayari hakikutajwa, idadi ya watu haikutajwa, na siasa ya pale msomaji keshaielewa.

Dadu nazo zina mtego wake. Ukirusha mbili, jumla ya 7 ina nafasi 6 kati ya 36, na jumla ya 12 ina nafasi 1 tu. Mezani ile 12 huamsha kelele kwa sababu kila mtu aliiona ikibingirika. Kwenye riwaya uliyerusha ni wewe, peke yako, mlango umefungwa. Shujaa akiokolewa na bahati, msomaji anauona mkono wako. Bahati mbaya huivumilia, hata huipenda, mradi ije mapema. Rasimu ikikamilika, ipitie kwa kalamu nyekundu na uweke alama kila mahali ambapo jambo limetokea kwa sadfa. Zinazomwumiza shujaa ziache. Zinazomsaidia zipe chanzo kilichopandwa sura kadhaa nyuma, au zifute.

Wengine hunakili kampeni waliyoicheza, yaani mfululizo wa vikao vya hadithi moja, kama ilivyokuwa. Haifui dafu. Mezani watu watano wanahitaji mgao sawa wa kutamba. Kitabuni mgao sawa humfanya msomaji asijue amshike nani. Ulimwengu wa The Expanse, wa mwandishi Ty Franck, ulichezwa kama mchezo kabla hajauandika pamoja na mwenzake Daniel Abraham, na riwaya yao ya kwanza, ya mwaka 2011, karibu yote inapita kwenye macho ya watu wawili tu.

Mapigano ni vivyo hivyo. Pambano la zamu kumi laweza kula saa nzima mezani bila mtu kuchoka. Kwenye ukurasa zamu mbili tatu ndizo zenye uzito: ile inayoonyesha gharama, na ile inayovunja mpango. Nyingine zipe sentensi moja.

Kwa bajeti, riwaya ya maneno 90,000 ni kama matukio 50 ya maneno 1,800 kila moja. Kila tukio lipe kadi yenye mistari mitatu: anataka nini, kitamgharimu nini, kipi hakitarudi kama kilivyokuwa. Kadi ikikosa mstari wa tatu, tukio hilo ni maelezo yaliyovaa nguo za hadithi.

Kwenye kupima mswada mbunifu ana faida kubwa. Unajua jaribio la kuwapa wageni boksi la mchezo na wewe kukaa kimya? Fanya hilohilo. Watafute wasomaji watano, angalau watatu wasiowahi kuucheza mchezo wako. Usiwaulize kama wameipenda, watakusifia tu. Waambie waandike ukurasa walipokiweka kitabu chini. Watatu wakikomea mahali pamoja, rudi nyuma kurasa kumi; kosa mara nyingi liko huko, pale walipopewa maelezo wasiyoyahitaji.

Kuhusu mkataba: ukiandika ndani ya ulimwengu wa kampuni, soma kifungu cha hakimiliki kabla ya kile cha malipo. Mara nyingi wahusika uliowabuni hubaki mali ya kampuni, na malipo yanaweza kuwa ya mara moja bila mrabaha. Ulimwengu ukiwa wako lakini mhusika fulani alibuniwa na mchezaji wako, omba ruhusa kwa maandishi kabla mswada haujaenda kwa mchapishaji. Akikataa, kubadilisha jina hakutoshi. Mtoe mzima, kisha pitia zile kadi 50 uone ni matukio gani yamebaki bila mtu wa kuyabeba.