Muulize Mkunga: Fefo za Kliniki na Chupa ya Duka la Dawa

SWALI: Dada Mkunga, shikamoo. Nina mimba ya pili, ya miezi minne. Kliniki ya wajawazito wananipa fefo, vile vidonge vya kuongeza damu, bila malipo, lakini zinanitia kichefuchefu na choo kimekuwa cheusi. Mama mkwe anasema niziache, kwani mtoto atanenepa anishinde kuzaa. Mwenye duka la dawa ameniuzia chupa ya vitamini kutoka ng'ambo pamoja na vidonge vya njano vya asidi ya foliki. Je, nimeze vyote? – Msomaji, Arua

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Endelea na fefo, na hivyo ulivyouziwa uviweke kando mpaka mkunga wako avione.

Kidonge kimoja cha fefo kina miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, kiasi ambacho kinalingana na pendekezo la Shirika la Afya Duniani kwa mjamzito kila siku. Weusi wa choo unatokana na chuma ambacho mwili haukukitumia, nao hauna madhara. Kichefuchefu hupungua kwa wengi wakimeza kidonge usiku baada ya kula, kwa maji na si kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Mama mkwe umjibu kwa adabu kwamba fefo hazimnenepeshi mtoto kupita kiasi. Zinachopunguza ni hatari ya kuzaliwa akiwa na uzito mdogo mno, na hatari ya wewe kufika siku ya uchungu ukiwa na upungufu wa damu, hali ambayo hufanya hata damu ya kawaida ya uzazi iwe tishio.

Vidonge vya njano ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Kwa kawaida kila kimoja kina miligramu 5, yaani zaidi ya mara kumi ya kilichomo katika fefo. Kliniki watakupa pia Fansidar ya kuzuia malaria, nayo hufanya kazi kwa kumnyima kijidudu cha malaria uwezo wa kujitengenezea foleti, ambayo ni jamii moja na foliki. Ukimeza foliki nyingi kiasi hicho, unaidhoofisha dawa, na Arua si mahali pa kuichezea malaria. Dozi kubwa ina watu wake, kwa mfano mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, lakini huyo huandikiwa na daktari.

Tena, mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wengi wetu hatujajua hata kama tumeshika mimba. Kwa hiyo foliki unayomeza sasa inasaidia damu yako. Kwa ajili ya mgongo wa mtoto, ile ya mimba ijayo uianze kabla ya kupata mimba. Hospitali ya CURE kule Mbale inatibu watoto wenye mgongo wazi na kichwa maji, na baadhi ya kasoro za mgongo zingezuilika kwa kidonge hiki cha bei ndogo kikimezwa mapema.

Kuhusu chupa, soma kiasi cha vitamini A. Ikiwa ni retinoli, yaani vitamini A isiyotokana na mimea, kupita yuniti (IU) 10,000 kwa siku kunaweza kumlemaza mtoto, hasa katika miezi ya mwanzo. Ile inayotokana na mimea haina hatari hiyo: kula mboga ya dodo (mchicha), papai, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo mtafiti wetu wa Uganda, Robert Mwanga, alishiriki Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016 kwa kazi ya kuviendeleza. Mimi ningenunua viazi.

SWALI: Mke wangu alipojifungua, mtoto alichomwa sindano pajani papo hapo. Ilikuwa ya nini? – Baba, Busia

JIBU: Yaelekea ilikuwa vitamini K, miligramu 1. Mtoto huzaliwa akiwa na akiba ndogo sana ya vitamini hiyo, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana ya kutosha. Akiikosa, damu yake haigandi vizuri na anaweza kuvuja damu hata ndani ya ubongo. Mtoto aliyezaliwa nyumbani apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo ili naye aipate.