Maswali ya magari: Namba E haiponyi injini

Maswali ya wanaotafuta gari la mkononi yamejaa tena. Yanayouliza bei nimeyaweka pembeni. Bei muulizeni dalali, mimi naongelea vyuma.

Nina milioni 10. Gari gani halisumbui? (Msomaji, Sakina)

Lililotunzwa. Swali hili linakuja kila wiki, na kila wiki anayeuliza hasemi anakwenda wapi na gari, anabeba nani, wala nani atamtengenezea. Niandikie upya.

Shikamoo mzee. Nimepata Toyota IST mbili, zote za 2005. Moja namba C, nyingine namba E, na tofauti yake ni milioni 3. Ya E si ndiyo itadumu zaidi? (Kijana, Kijenge)

Marahaba. Hapana, na naomba hili tulimalize leo. Ile herufi ya kwenye kibao cha namba inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Lilitoka kiwandani lini haikwambii, lilichemsha mara ngapi haikwambii, na oili ilibadilishwa lini haikwambii pia. Gari zako ni za umri mmoja. Moja limekuja huku mapema, lingine limechelewa Japani. Kuchelewa huko kunaweza kuwa faida, maana barabara za kule ni nzuri na magari yanakaguliwa. Linaweza pia kuwa limetoka mikoa ya theluji ambako wanamwaga chumvi barabarani, ukiinama chini unakuta kutu imekula bomba la ekzosi na bolti zote. Huwezi kujua mpaka uiname.

Watu wa mji huu wanalipa mamilioni kwa ajili ya herufi ili jirani aone. Hizo milioni 3 ulizotaka kununulia herufi zinakuwekea shokapu nne, bushi, betri na matairi mapya kwenye ile ya C, na chenji inabaki. Kama ile ya C ina mmiliki mmoja na fundi wake anajulikana, ningeanzia hapo.

La nyongeza ambalo hukuuliza: soma namba ya chesisi. IST za umri huo zinaanza na NCP60 au NCP61, gia boksi ya otomatiki ya kawaida, gia nne. Ukikuta NCP110 ujue ni toleo la pili lililoanza 2007, na gia boksi yake ni CVT, otomatiki isiyo na gia za ngazi. Si mbaya, ila haitaki oili ya kubahatisha. Muulize muuzaji aliweka oili gani humo. Akijibu "ile nyekundu", mshukuru upande bajaji urudi nyumbani.

Dalali anasema fundi wake ameshalikagua, ni safi. Kuna haja ya kulipa fundi mwingine? (Njiro)

Fundi wa muuzaji anakagua kwa niaba ya muuzaji. Lipa wako.

Gari la 2004, dashibodi inasoma kilomita 58,000. Ninaambiwa lilikuwa la padri, alikuwa analitoa Jumapili tu. (Pasua, Moshi)

Padri gani wa Kilimanjaro anatembea Jumapili tu? Vigango vyake viko mlimani, misiba haisubiri Jumapili, na mvua ikinyesha barabara ya kule ni matope. Ningekuwa mimi, hilo la padri lingenitia wasiwasi zaidi.

Sasa hesabu. Kilomita 58,000 kwa zaidi ya miaka ishirini hazifiki 3,000 kwa mwaka, yaani kama nane kwa siku. Yapo magari ya hivyo, ila ni machache kuliko matangazo yake. Na kurudisha kilomita za dashibodi ya namba ni kazi ya mtu mwenye laptopu, dakika chache tu.

Kwa hiyo usisome dashibodi, soma gari. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango na sehemu za chini ya boneti. Magari mengi ya Japani yanakuja na stika ndogo iliyobandikwa na gereji ya kule walipobadilisha oili au mkanda wa taimingi. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni hizi hizi zetu. Ukikuta stika imeandikwa 112,000 na dashibodi inasema 58,000, huna haja ya kujifunza Kijapani. Wanaochezea dashibodi mara nyingi wanasahau stika. Halafu tazama raba ya pedeli ya breki, usukani pale mikono inaposhika, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Raba iliyolika mpaka chuma haijatembea 58,000 tu. Na raba mpya kabisa kwenye gari kuukuu ndiyo mbaya zaidi, maana kuna mtu alifikiria kama wewe unavyofikiria sasa.

Kilomita nyingi zenyewe si dhambi. Gari la 190,000 ambalo mwenyewe hakuficha ni bora kuliko hilo la padri.

Asubuhi linatoa moshi mweupe, baada ya dakika chache unakata. Nilikimbie? (Ngaramtoni)

Kwa baridi ya Ngaramtoni ya Julai, hapana, huo ni mvuke. Mweupe usiokata hata injini ikipata moto, tena una harufu ya utamutamu, ndio wa kukimbia, kwa sababu maji ya rejeta yanaungua ndani. Wa bluu, gari linakula oili. Mweusi kwenye petroli, linakunywa mafuta kupita kiasi, na mara nyingi linatibika.

Ila ninyi mnaokwenda kuona gari saa saba mchana mkakuta linanguruma na boneti lina moto, mmeona nini? Fika asubuhi, mwambie mapema asiliwashe, na gusa boneti kabla ya salamu. Zungusha swichi bila kuwasha injini: taa za dashibodi zote ziwake, ile ya injini pia, kisha zizime injini ikishaunguruma. Taa ya injini isiyowaka kabisa haina maana kwamba gari ni zima. Kuna mtu ameing'oa au ameiziba. Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake, ukikuta utelezi kama uji wa maziwa, maji yameingia kwenye oili. Halafu lipandishe mlima. Wa Moshi mna Kibosho na Marangu, mnaelekea wapi tambarare na magari ya majaribio? Kuzunguka mzunguko wa Clock Tower na AC imewashwa si kujaribu gari.

RAV4 ile inayoitwa Kilitime, yenye injini ya D4, wengine wanasifia, wengine wanalaani. (Usa River)

Wote wako sahihi. D4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Njia za kuingizia hewa zinajaa masizi, na pampu yake ya presha ikifa utajua bei ya vitu. Likihudumiwa na anayelijua linakwenda vizuri. Shida ni kwamba gari lina miaka ishirini na limepita mikono mitano. Wengi wameng'oa injini hiyo wakaweka nyingine. Si kosa, lakini linganisha namba ya injini na iliyoko kwenye kadi ya gari. Zisipofanana, mwenye gari arekebishe kadi kwanza, ndipo mwongee bei.

Kampuni moja ya utalii inauza Land Cruiser zake za zamani, injini 1HZ. Nataka moja ya shamba. Wenzangu wanasema 1HZ haifi. (Mkulima, Karatu)

1HZ ni injini ya kuheshimiwa. Silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo, na mafundi wanaoijua hawakosekani. Lakini hununui injini peke yake, na kwenye gari la porini injini ndicho kitu cha mwisho kufa.

Gari hilo limeishi kati ya geti la Loduare la Ngorongoro na Seronera ya Serengeti, barabara ya mawimbi inayolegeza kila kilichofungwa kwa bolti. Halafu nyingi zilirefushwa hapa Arusha ili kuongeza safu ya viti: chesisi ilikatwa, ikawekewa kipande, ikachomelewa. Kazi nzuri ina bamba la kuimarisha pande zote na inadumu. Kazi mbovu inafichwa kwa rangi. Lala chini na tochi ufuate chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma. Ukikuta rangi nyeusi mbichi kwenye kiungo tu, na kwingine kote ni vumbi la miaka, kwaruza kwa bisibisi uone kilichofunikwa. Kagua vishikio vya springi na matundu ya bolti, nyufa hupenda kuanzia hapo. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinabweka bila mwangwi.

Funga milango yote. Mlango unaotaka kuinuliwa ndipo ufunge unakwambia bodi imepinda au bawaba zimekwisha. Nyanyua kapeti chini ya lile paa la kufunguka, mvua huwa inapita hapo na kuoza sakafu kimya kimya. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali zinagongana na pistoni. "Hivi karibuni" si jibu, risiti ndiyo jibu.

Na kama mzigo wenyewe ni magunia ya vitunguu vya Mang'ola, achana na lililorefushwa. Ule mchomeleo ndio utakaobeba vitunguu vyako. Tafuta pikapu.

Jina kwenye kadi si la anayeniuzia. Anasema ni kawaida. (Majengo, Moshi)

Ni kawaida, na vilio vyake pia ni vya kawaida. Mwenye jina aje mwenyewe na kitambulisho, mwandikishane, mwende TRA kubadilisha umiliki. Kadi ikiwa "iko benki", gari bado ni la benki. Kabla ya hapo ingiza namba ya gari uone faini za trafiki na deni la maegesho. Nimeona mtu amenunua gari na madeni ya parking ya mwaka mzima.

Shemeji yangu wa Kigamboni anapanda Krismasi na gari lake, ataniachia kwa bei ya undugu. (Machame)

Gari la pwani, anza na kutu: chini ya milango, chini ya buti, kwenye bomba za breki. Dar kuna mafuriko pia. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Ukikuta mstari wa tope, gari limeogelea. Pafyumu nyingi ndani ni dalili hiyo hiyo.

Atakwambia limemfikisha kutoka Dar bila shida. Vizuri, lakini limefika likiwa moto. Acha lilale, asubuhi uliwashe wewe, kisha lipeleke kwa fundi wako shemeji akiwa bado anakunywa chai. Bei mkikubaliana, iandikeni na mashahidi wa pande zote mbili wasaini, na umiliki mbadilishe Januari kabla hajateremka.