Picha naziona mimi, wageni hawazioni

Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta na mtandao. Anajibu fundi wenu wa Malindi.

SWALI: Assalamu alaykum, mwalimu. Ninatengeneza tovuti ya mafundi wa majahazi wa Matondoni, ili mwenye kutaka kuunda au kukarabati chombo awapate wenyewe bila kupitia kwa dalali. Picha zilipigwa na mradi mmoja uliokuja huku, na wameziweka kwenye seva yao. Kuzifungua lazima uingie kwa jina na neno la siri, nami nimepewa yangu. Nilichofanya ni kunakili anwani za picha na kuzitia kwenye ukurasa wangu. Kwenye laptopu yangu zinatoka zote, safi kabisa. Ami yangu aliyeko Mombasa anaona viboksi vitupu. La ajabu zaidi, nilichukua iPhone ya dada yangu, nikaingia kwenye seva ile kwa jina langu, kisha nikafungua tovuti yangu: viboksi vile vile. Nikajaribu kuandika jina na neno la siri ndani ya anwani ya picha, kabla ya jina la seva. Wapi! Ukurasa uko hewani tayari na wazee wananiuliza kila siku picha zao ziko wapi. Nifanyeje?
Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Kabla hujasoma zaidi, ingia kwenye seva ya mradi ubadilishe neno lako la siri, na uwaarifu wenye seva kwamba la zamani limekuwa hadharani. Chochote kilichoandikwa ndani ya ukurasa ulio hewani husomeka na yeyote: kwenye kompyuta mtu hubofya kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua kuona chanzo cha ukurasa, na maandishi yote yapo mbele yake. Kulifuta sasa hakutoshi, maana mitambo ya kutafutia hupita ikichukua nakala za kurasa bila kumwuliza mtu. Likishabadilishwa, nakala hizo hazina kazi tena. Lifanye leo, haya mengine yanangoja.

Sasa tuje kwenye viboksi. Ukurasa wako haukubeba picha hata moja. Umebeba anwani zake tu. Kivinjari cha ami yako kinapoufungua, kinasoma maandishi kwanza, kisha kinaanza safari za kuombaomba: picha hii kivyake, ile kivyake, faili la mitindo kivyake, fonti kivyake. Kila ombi linafika kwa seva yenye faili hilo, na seva ile inataka kujua anayeomba ni nani. Ruhusa uliyopewa wewe haimo kwenye ukurasa. Imo kwenye kivinjari chako, ndani ya kipande kidogo cha data kiitwacho kuki, ambacho seva ilikuachia ulipoingia. HTTP, lugha ambayo vivinjari na seva huongea, haikumbuki ombi lililotangulia. Ndiyo sababu Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kuki mwaka 1994, ili seva iweze kumtambua aliyekwisha kupita. Ami yako hajawahi kupita pale. Hana kuki, hana picha.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, fungua dirisha la faragha kwenye laptopu hiyo hiyo. Dirisha hilo huanza bila kuki zako za kawaida. Chukua anwani ya picha moja, tuseme ile ya fundi anayetia kalafati, yaani anayeziba nyufa za jahazi kwa pamba, uibandike juu na ubonyeze. Badala ya mzee na pamba yake mkononi, utaiona fomu ya kuingia: jina, neno la siri, kitufe. Hiyo fomu ndiyo iliyotumwa kwa ami yako kila mahali ulipoweka picha. Kivinjari chake kiliomba picha, kikaletewa ukurasa wa maandishi, na kwa kuwa maandishi hayachoreki kama picha, kikaacha kiboksi kitupu. Seva nyingine hazileti fomu, hujibu kwa namba: 401, yaani sijui wewe ni nani, au 403, yaani huruhusiwi. Kwa mgeni wako yote ni kiboksi.

Nawaomba wote wanaotengeneza tovuti waizoee hiyo dirisha ya faragha. Anayeijenga tovuti ndiye mtu asiyefaa kabisa kuthibitisha kwamba inafanya kazi, kwa sababu kivinjari chake kina funguo ambazo mgeni hana.

Na ile iPhone? Hapo uliingia kweli, kuki ikawekwa, lakini Safari ilikataa kuituma. Ukiwa kwenye tovuti yako, seva ya mradi ni mtu wa tatu, na tangu Machi 2020 Safari huzuia kuki za watu wa tatu kwa jumla. Sababu ni nzuri: kampuni za matangazo zilikuwa zikitumia kuki hizo kumfuata mtu tovuti hadi tovuti. Mwaka huo huo Chrome nayo ilianza sheria yake, kwamba kuki isiyo na maelezo ya mwenyewe haitumwi pamoja na picha inayoombwa kutoka tovuti nyingine; mwenye seva akitaka iende, lazima aiandikie SameSite=None na Secure. Inaelekea wenye mradi waliandika hivyo, ndiyo maana laptopu yako ikakuonyesha picha. Kwa hiyo usifikirie kumfungulia kila mgeni akaunti kwenye seva ya mradi. Hata wakiingia wote, wenye iPhone hawataona kitu.

Kuhusu kuandika jina na neno la siri ndani ya anwani: mtindo huo ni wa njia ya zamani ya kuingia, ile ambayo kivinjari chenyewe hutoa kidirisha kidogo cha kijivu. Seva yenye fomu na kuki haiusomi kabisa. Na hata pale unaposomwa, Chrome iliacha mwaka 2017 kukubali anwani za namna hiyo kwa picha na faili zinazoitwa kutoka ndani ya ukurasa. Naomba usiujaribu tena popote.

Sasa dawa. Swali la kwanza sio la kompyuta: kufuli la seva ile limewekwa kwa ajili ya nani? Mradi wa kupiga picha huwa na mengi zaidi ya picha. Huwa na fomu za ridhaa, namba za simu, pengine nakala za vitambulisho vya wazee wetu na sura za watoto waliokuwa wakicheza pwani siku ile. Kufuli hilo linawalinda mafundi wenyewe, na mtu asikushauri ulivunje. Lakini picha za kazi, ambazo mafundi wanataka zionwe na dunia nzima, hazina haja ya kukaa huko. Nyumba za Mkomani unazijua: mgeni hukaribishwa dakani, ndani hapiti mpaka aitwe. Picha za kazi zilete dakani.

Waandikie wenye mradi, kwa barua pepe ili jibu lao libaki, uwaombe ruhusa ya kunakili picha ulizochagua na kuziweka kwenye seva yako mwenyewe. Zitaje moja moja. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 picha ina mwenyewe, na kupewa neno la siri la kuitazama sio kupewa idhini ya kuitangaza. Pia rudi Matondoni ukae na kila mzee anayeonekana sura, umwonyeshe picha yenyewe kwenye simu, umwulize kama anaridhia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamgusa yeye vilevile, na hata ingekuwa haimgusi, adabu inatosha. Nina hakika wengi watafurahi. Mmoja akikataa, picha yake iache.

Ukishapata idhini, usizipakie kama zilivyotoka kwenye kamera. Picha ya kamera kubwa hufika megabaiti 6 au 8, na mgeni wako anatumia bando. Zipunguze upana hadi pikseli 1,600 hivi, uzihifadhi kama JPEG ya ubora wa wastani; nyingi zitashuka hadi kilobaiti mia chache, na mataruma, yaani mbavu za jahazi, bado yatahesabika. Hakikisha pia umeziondolea data ya mahali iliyofichwa ndani ya faili, maana kamera na simu nyingi huandika humo latitudo na longitudo. Kisha badilisha anwani kwenye ukurasa zielekee kwako. Hii ndiyo njia ninayokushauri, na kwa tovuti kama yako sioni haja ya nyingine.

Huenda mradi ukasema picha lazima zibaki kwao. Basi waombe wafungue folda moja tu isiyohitaji kuingia, waweke humo zile mlizokubaliana. Kwa mtunza seva ni kazi ndogo.

Wakikataa na hilo lakini wakakubali tovuti yako izionyeshe, iko njia ya mpatanishi: mgeni anaiomba seva yako, seva yako inakwenda kuichukua picha kwa mradi kwa kutumia akaunti yake, inamkabidhi mgeni. Neno la siri linabaki kwenye seva yako na mgeni halioni. Mambo matatu usiyaache. Akaunti hiyo iwe ya peke yake, ya kusoma folda hiyo tu, isiwe yako. Neno la siri likae kwenye faili la mipangilio nje ya folda inayoonekana mtandaoni. Na programu yako ikubali orodha ya picha zinazojulikana tu. Ukiiachia ichukue anwani yoyote inayoambiwa, watu wabaya wataigeuza seva yako tarishi wao, ikawaletee hata yaliyofungwa nyuma yake. Programu pia ihifadhi nakala kwa muda, isiende mbio kwa mradi kila mgeni akifungua ukurasa.

Utasikia pia habari za anwani zenye sahihi, ambazo hufungua picha bila kuingia lakini hufa baada ya muda. Ni nzuri, ila huwezi kuzibandika kwa mkono ukazisahau. Kwenye hifadhi ya Amazon S3, kwa mfano, anwani ya namna hiyo huishi siku 7 kwa kiwango cha juu. Lazima seva iziunde upya kila ukurasa unapofunguliwa. Zinafaa kwa risiti za wateja na vyeti vya wanafunzi, sio kwa jahazi unalotaka lionekane mwaka mzima.

Wasalimie wazee wa Matondoni, na ukishamaliza niletee anwani ya tovuti, nami nitaifungua kwa dirisha la faragha.

SWALI: Tovuti mpya ya shule yetu tumeifungia yote kwa neno la siri mpaka ikamilike. Ukiingia, kurasa na picha zote zinakuja, ila kivinjari kinalalamika kwamba faili la manifesti, lile la kuifanya tovuti ikae kama programu kwenye simu, limejibiwa 401. Liko kwenye seva hiyo hiyo!
Mwalimu, Malindi

JIBU: Mwalimu, kosa si lenu. Vivinjari huliomba faili hilo bila kutaja jina wala kuki, hata likiwa nyumbani kwake. Kwenye mstari unaoliita, ongeza crossorigin="use-credentials" na litakuja. Lingine ni hili: kama mnatumia kile kidirisha kidogo cha kivinjari, hakikisheni anwani inaanza na https, yaani njia inayoficha kinachotumwa. Njia hiyo hutuma neno la siri likiwa limegeuzwa tu kwa Base64, ambayo mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuirudisha kwa dakika moja. Bila https, yeyote aliye kwenye Wi-Fi ya walimu anaweza kulinasa.

SWALI: Mimi hupeleka barua pepe kwa wageni wa hoteli tunayofanyia kazi. Nembo yetu haitokei kwa wenye Gmail. Faili liko kwenye seva ya ofisi, na wafanyakazi wote tunaliona tukilifungua.
Karani wa mapokezi, Malindi

JIBU: Mnaliona kwa sababu mmeingia kwenye seva hiyo kwa akaunti zenu. Tangu Desemba 2013 Gmail haimwachi msomaji akachukue picha mwenyewe. Seva za Google ndizo zinazokwenda kuichukua kisha zikamwonyesha, na hizo hazina akaunti ofisini kwenu wala hazitapata. Wekeni nembo kwenye folda ya wazi ya tovuti ya hoteli, mbadilishe anwani kwenye kiolezo cha barua. Msiitume kwanza kwa mgeni. Jitumieni kwenye Gmail ya mtu asiyefanya kazi hapo.