Majengo ninayoyashughulikia si yangu

Mdogo wangu,

Umeuliza matatu: mimi yaya wako, mkubwa wako, nalipwa ngapi huku Uingereza, lisansi yako ya sheria, digrii ya huko, itakupa kazi huku, na mbona mimi, avoka (wakili) wa majumba, nashindwa kumaliza kesi ya parseli, kiwanja cha baba pale Katuba, Lubumbashi.

Pesa kwanza, maana najua ndiyo inayozungumzwa nyumbani. Nyingi zinazopita mkononi mwangu si zangu: pesa za wateja zinakaa kwenye akaunti ya pekee, na ofisi ikizigusa kwa shida zake, imekwisha. Kodi ya mapato ya 40 kwa mia huanza juu ya pauni 50,270 kwa mwaka. Mimi bado sijaionja. Ofisi ni ndogo: nasoma mkataba, napokea simu, napiga fotokopi, na kila dakika sita naandika nimemfanyia nani nini, kwa kuwa ndivyo mteja anavyotozwa.

Watu wetu hapa wanafungua saluni na maduka ya vyakula vya kwetu, sombe na makayabo. Wanakuja kwangu fundi wa rangi amekwisha kulipwa. Nawaambia: mkataba huu unakutwika matengenezo yote, paa likivuja ni shida yako, si ya mwenye jengo. Wananiona mchawi. Kodi ya duka kwa kawaida inadaiwa 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba na 25 Desemba (naam, siku ya Noeli). Lakini kinachonikera ni kingine. Sheria ya huku ya 1954 inampa mpangaji wa duka haki ya kuomba mkataba mpya, ule wa zamani ukiisha, ila mwenye jengo anaweza kumtaka aiache haki hiyo. Lazima ampe onyo. Likichelewa, zikiwa zimebaki chini ya siku 14 kabla ya kufungwa na mkataba, mpangaji anakwenda kuapa mbele ya wakili mwingine kwamba amelisoma na kulikubali. Wengi wanaapa mbiombio ili wapate funguo. Mkataba unaisha, mtaa mzima umekwisha kuizoea saluni, na wanaambiwa watoke.

Lisansi yako inaweza kuhesabiwa kama digrii, lakini haikufanyi wakili. Kuna mtihani wa kuingia uwakili, SQE: kwanza maswali 360 ya kuchagua jibu, kisha kuandika na kusema, kwa Kiingereza chao. Ada inakaribia pauni 5,000. Ukiapa kwanza kuwa avoka kwenye baro (chama cha mawakili) ya huko, unaweza kusamehewa miaka 2 ya mazoezi ya kazi. Anzia hapo.

Parseli sasa. Huku yeyote analipa pauni 7 na kusoma jina la mwenye jengo. Kwetu Kongo ardhi ni ya Serikali kwa sheria ya 1973, na ujuzi wangu wa huku hauna nguvu huko. Usiningoje. Chukua avoka wa Lubumbashi, muende kwa konservateri, afisa anayetunza vyeti vya ardhi, muulize cheti kipya cha parseli yetu alichopata yule jirani kilitolewa tarehe gani. Hata kama alikipata kwa ujanja, miaka 2 ikipita mahakama haipokei tena kesi ya kurudishiwa parseli. Mtabaki kudai fidia tu. Pesa za avoka nitatuma mwisho wa mwezi.