Muscat mpaka Salalah kwa njia ya pwani: siku kumi zigawanywe vipi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi na mume wangu tuna siku kumi mwezi wa Desemba, tunataka kukodi gari Muscat twende nalo mpaka Salalah tukifuata bahari, hatuna haraka, tukiona pazuri tunasimama. Mume anasema najichosha bure maana barabara ya jangwani inafika siku hiyohiyo. Nani yuko sahihi? Na gari lazima liwe fobaifo?

JIBU: Dada, shemeji hajakosea, barabara ya ndani ipo, inapita Nizwa na Haima, ni kama kilomita 1,000 na sehemu kubwa ni tambarare kavu mpaka macho yanachoka. Kama shida ni kufika, hiyo inatosha. Ila nyie si mnaenda kutembea? Basi pwani, na msifanye kosa la kugawa siku sawasawa, eti kila siku kilomita kadhaa, wakati pwani ya Omani yenyewe uzuri wake haujagawanywa sawa.

Muscat mpaka Sur ni kama kilomita 200 tu, barabara kubwa safi, asubuhi moja umefika. Mi nakwambia zipe siku nne. Njiani kuna shimo la Bimmah, unashuka ngazi unakuta maji ya kijanikibichi na visamaki vinakudonoa nyayo, halafu kuna Wadi Shab (wadi ni bonde la mto) ambayo peke yake inakula nusu siku: unavushwa na kiboti, unatembea kwa mguu katikati ya majabali, unaogelea dimbwi moja baada ya jingine, mwisho kuna ufa mwembamba kwenye mwamba kinachopita juu ya maji ni kichwa tu, ukishapenya uko ndani ya pango lenye maporomoko. Nenda mapema, na wewe na shemeji vaeni nguo za kujisitiri za kuogelea, kule watu wanaangalia. Na mkiona wingu limekaa milimani msiingie kabisa, mafuriko ya wadi yanatoka kwenye mvua ambayo wewe hujaiona. Kabla ya Sur kuna Qalhat, mji wa kale ambao yule msafiri wa zamani Ibn Battuta aliufikia, sasa yamebaki magofu na kaburi la Bibi Maryam, UNESCO waliuweka kwenye orodha yao 2018.

Sur yenyewe laleni siku mbili. Ndo mji wa majahazi, mengi yaliyokuwa yanashuka na kaskazi mpaka Zanzibar yalitoka huku, na ukienda karakana zao unakuta chombo kimesimama juu ya magogo, mbavu zote nje, fundi kachuchumaa anapiga kalafati, pamba inaingizwa kwenye mwanya wa mbao kidogokidogo, tako, tako, tako, wala hakuangalii. Salimieni kwa Kiswahili mjaribu bahati, Omani kuna familia nyingi zilizotoka Zanzibar na lugha wanayo. Jioni moja nendeni Ras al Jinz kuona kasa, unabuki mapema na unaongozwa usiku. Desemba wanakuwa wachache kuliko katikati ya mwaka, kwa hiyo msijipe uhakika.

Baada ya hapo mpaka Duqm ni mchanga, upepo na ngamia, siku mbili zinatosha, labda mkivuka kwa feri kwenda kisiwa cha Masirah mwongeze moja. Fobaifo sio lazima, lami ipo mpaka Salalah, ila kwa gari dogo msitoke nje ya lami hata hatua kumi. Mi nilitoka, karibu na Al Khaluf, niliona ardhi nyeupe imekauka nikajua uwanja huu, kumbe ni ganda tu chini tope kama uji, tairi zikazama mpaka nusu, wavuvi ndo walikuja kunivuta na hela wakakataa. Jaza mafuta kila ukiona kituo, na usiku msiendeshe, ngamia mweusi kwenye lami nyeusi humuoni mpaka umemfikia, tena kumbukeni kule wanaendesha kulia.

Kuanzia Shuwaymiyah hadi Hasik utamu unarudi, barabara imechongwa kwenye majabali bahari iko chini yako, halafu Mirbat, halafu Salalah. Ule ukijani wa kwenye picha wa khareef, yaani msimu wa mvua za manyunyu, ni Juni mpaka Septemba, kwa hiyo Desemba msiutegemee, lakini bahari inakuwa imetulia na mibani, miti inayotoa ubani, ipo mwaka mzima.

Gari mkiliacha Salalah kuna malipo ya ziada, ulizeni kabla ya kusaini, kisha mrudi Muscat kwa ndege. Kile kipande cha Duqm mwachie shemeji usukani wewe ulale, si anapenda jangwa.