Ahirisha hicho kikao cha Jumatatu kwanza

Nimesoma swali lako mara mbili: wahandisi 40 wa programu hapo Nyali, Mombasa, timu tano "zenye uhuru kamili", kila moja ijichagulie databesi (hifadhi ya data) na utaratibu wake, Jumatatu mna kikao cha kuzigawa, kisha unauliza timu iwe na watu wangapi na viongozi wake walipwe vipi. Ndugu yangu, shimo hilo mimi nimeshatumbukia, tena kwa pesa zangu.

Ilikuwa 2017, kwenye kampuni yetu ya tiketi za safari. Mshauri alishuka na treni kutoka Nairobi na slaidi zake, akatuuzia mfumo wa Spotify, kampuni ya muziki mtandaoni, wa kugawa wahandisi katika timu ndogo zinazojiamulia, ule walioueleza Henrik Kniberg na Anders Ivarsson mwaka 2012. Akasema tuunde "makabila", ndivyo mfumo huo unavyoita kundi la timu hizo. Kenya hii, mwaka wa uchaguzi, mtu mzima anasimama mbele ya wafanyakazi kuwaambia wajigawe makabila! Tulicheka, na ankara yake tukalipa. Asichotuonyesha ni kwamba waandishi wenyewe walisema humo humo kuwa ile ni picha ya wakati ule tu, wao bado wako safarini. Ama aliruka hapo, ama hakusoma. Sijui lipi baya zaidi.

Basi nikatangaza kwa mdomo wangu huu: timu iamue yenyewe, asiulizwe mtu. Miezi ya kwanza raha tupu. Ikaja Disemba, msimu wa wageni. Timu ya tiketi ilihifadhi namba ya mteja kwa kuanzia 07. Ya malipo ilianzia 254, kwa kuwa mfumo wa M-Pesa ndivyo unavyoitaka. Ya huduma kwa wateja, +254. Kila moja ilikuwa na sababu yake, na wallahi zote zilikuwa na maana. Ila kwa kompyuta zetu, mteja mmoja alikuwa watu watatu.

Safari zikaanza kufutwa, na kila timu, kwa uhuru wake, ilikuwa imeandika programu yake ya kurejesha fedha. Inaangalia daftari la pamoja: namba hii imesharejeshewa? Haionekani. Inatuma. Mzee mmoja wa Kisauni alipata shilingi 18,600 mara tatu, akapiga simu kutushukuru! Siku nne tulikaa na mahamri na chai tukilinganisha namba moja moja, kisha tukaanza kupigia watu kuwaomba pesa. Wengine walirudisha. Wengine simu zao zimezimwa mpaka leo. Na usiniletee ile ya manahodha wengi: sisi nahodha hatukuwa naye hata mmoja, tulikuwa abiria wenye maoni.

Kwa hiyo, kitu chochote kinachoguswa na timu zaidi ya moja, iwe namba ya mteja, bei au marejesho, kiandikiwe jina la mwenye neno la mwisho kabla hujaziachia timu. Jina, si kamati. Jeff Bezos, mwanzilishi wa duka la mtandaoni la Amazon, kwenye barua yake ya 2015 kwa wanahisa, alitenga maamuzi unayoweza kuyarudia nyuma na yale ambayo ukishatoka mlangoni huwezi kurudi. Rangi ya kitufe, waachie. Pesa ikishaingia kwenye simu ya mtu, hiyo ni feri ya Likoni imeshang'oa nanga.

Ukubwa wa timu? Amazon walisema ishibe kwa piza mbili; mimi nasema sinia moja la biriani. Tuendelee.

Leo jioni waulize watu wako, mmoja mmoja, namba ya mteja wanaihifadhi vipi. Ukipata majibu mawili, kugawa timu kuahirishwe, na hiyo Jumatatu jadilini hilo tu.